Karamu ya Bluu

Domisiana wa Bugarama ana kazi mbili, na zote anazifanya kwa moyo mmoja. Ya kwanza ni kulima: migomba, maharage na kahawa kidogo, kwenye mteremko ambao mgeni akiutazama hushika kiuno kabla hajapanda. Ya pili ni kuwa mama mkwe mbaya. Hii ya pili analipwa.

Watu wasimwelewe vibaya. Wakamwana wa kweli anao wawili, na wote wanamfuata kama vifaranga. Ubaya wake uko kwenye tamthilia ya Kilima cha Wakwe, inayotengenezwa na Pazia Refu, studio kubwa ya Dar es Salaam ambayo mabango yake yamefika hata kwenye miji isiyo na taa za barabarani. Humo anaitwa Mama Mkwe tu, jina jingine hana, na kazi yake ni kufunua vyungu vya mke wa mwanawe na kuguna. Anaguna vizuri mno. Wapo watu wa Dodoma ambao hawajawahi kuikanyaga Ngara lakini mguno wake wameufanya mlio wa simu.

Studio ilikuja Ngara kutafuta vilima, yeye ikampata kwa hisani ya mbuzi. Siku hiyo mbuzi wa jirani walikuwa wameingia kwenye maharage yake, na Domisiana alikuwa anamweleza mwenyewe, kwa sauti ya kuvuka bonde, anachofikiri kuhusu mbuzi na kuhusu anayewafuga. Gari la studio likasimama. Mwongozaji akateremka, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba arudie. Alichokipenda ni ule ulimi. Bugarama watu wengi huzaliwa na Kihangaza, Kiswahili hukikuta shuleni, na kwao herufi L na R ni majirani wanaoazimana chumvi bila kubisha hodi. Waigizaji wa Dar walikuwa wamejaribu kuuiga ulimi huo wakasikika kama watu wenye jino bovu. "Mama, usibadilishe hata herufi moja," mwongozaji alimwambia. Naye hakubadilisha. Ndiyo maana inachekesha, na mimi inaniudhi pia, kwamba walimwajiri kwa herufi hizo na wakamfukuza kwa herufi hizohizo.

Uigizaji wenyewe haukuwa mgeni kwake. Miaka ya tisini, kambi ya Lukole ilipofurika watu waliokimbia vita ng'ambo ya mpaka, Domisiana alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, na akaingia kwenye kikundi kilichozunguka kambini kufundisha watu kuchemsha maji na kunawa mikono. Yeye aliigiza nzi. Watoto walimkimbiza kutoka hema hadi hema, na akina mama waliocheka siku hiyo walisema hawakuwa wamecheka kwa miezi. Kila mwisho wa mwezi wanakikundi walitia sahihi kwenye daftari, na hapo ndipo alipojitungia sahihi yake: herufi D kubwa yenye mkia mrefu unaozunguka jina zima kama kamba ya ndama, ukarudi kujifunga ulikoanzia. Aliifanyia mazoezi mavumbini kwa kijiti, siku tatu.

Sababu ya kuijali hivyo ilikuwa mama yake, marehemu Deodata. Deodata hakujua kusoma. Siku moja alisomewa karatasi, akaambiwa ni ya kukubali njia ipite pembeni ya shamba lake la bondeni, akaweka dole gumba. Kumbe karatasi ilisema jambo jingine, na shamba la bondeni likaenda. Mpaka anakufa, mama yule alikuwa akikitazama kidole chake kama mtu anayemtazama mbwa aliyemuuma. Domisiana aliapa kwamba kidole chake yeye kitamenya ndizi, kitapima chumvi, lakini karatasi hakitaigusa.

Sasa tuje kwa Derick. Derick alikuwa meneja wa uzalishaji wa studio, kijana msafi, mwenye haraka, asiye na ubaya wa makusudi. Katikati ya msimu wa pili alifika Bugarama na karatasi za nyongeza ya mkataba, zilizohusu mabadiliko ya ratiba, akawakusanya wasanii kumi na mmoja wa pale mbele ya ghala la kahawa. Juu ya boneti ya gari aliweka kisanduku chenye sponji ya wino.

"Haya wazee wangu," alisema, "dole gumba tu, dakika tano tumemaliza."

Wa kwanza alikuwa Mzee Ntirampeba, anayeigiza mchimba makaburi. Yeye hakujua kuandika, akaweka dole. Wa pili alikuwa Domisiana.

"Mwanangu," alisema kwa upole, "mimi siweki dole. Nipe karamu nisaini."

Inabidi nisimame hapa kidogo. Bugarama, kitu cha kuandikia kinaitwa karamu. Chakula cha watu wengi, chenye nyama na ngoma, kinaitwa sherehe. Hakuna anayechanganya. Domisiana alipokuwa mtoto, kila aliposikia padri akitaja karamu ya Mwanakondoo, hakuwahi kufikiria chakula hata siku moja. Alimwona Mwanakondoo ameshika karamu yake, ameinama juu ya kitabu kikubwa, anaandika majina ya watu wa mbinguni. Picha hiyo alikua nayo, akaolewa nayo, na mama yake alipofariki ilimfariji kwamba huko alikokwenda hataombwa dole.

Derick naye alikuwa mtoto wa Dar es Salaam. Na wiki ileile wasanii wa Bugarama walikuwa wamenung'unika kwamba uzinduzi wa msimu ulifanyiwa Dar kwa pilau, wao wakaletewa soda moja moja. Kwa hiyo alisikia alichokuwa akitarajia kukisikia.

"Karamu?" aliuliza.

"Karamu. Bila karamu sisaini."

"Mama, karamu haipo kwenye bajeti."

Domisiana alishangaa. "Kampuni kubwa kama Pazia Lefu? Hata moja?"

"Hata moja, mama."

Alimwonea huruma. "Basi kaazime pale shuleni."

Derick aliona amedhihakiwa mbele ya watu. Na nyuma ya Domisiana sauti zikaanza kupanda: hata sisi tunajua kusaini, hata sisi tupewe karamu. Alikusanya karatasi zake, akawabembeleza mmoja mmoja mpaka kumi wakaweka madole, akaondoka. Wa kumi na moja hakuweka.

Baada ya siku nne barua ikafika. Anatoli, mume wa Domisiana, mtu wa maneno machache anayepika pombe ya ndizi isiyoumiza kichwa, aliisoma kwa sauti wakiwa wamekaa barazani. Ilisema Domisiana ameachishwa kazi kuanzia siku hiyo, kwa kosa la kudai karamu kama sharti la kusaini, na kwa kuwachochea wasanii wenzake kudai karamu.

Anatoli aliirudia kimoyomoyo, akaiweka gotini. "Ulidai karamu?"

"Nilidai."

"Basi hawajasema uongo."

"Lakini kudai karamu ni kosa?"

Anatoli alifikiri sana. "Labda kwa matajiri," alisema.

Barua ilizunguka Bugarama nzima. Ilisomwa kwenye mashine ya kusaga, ikasomwa kwa Nduwayo muuza duka, na kila aliyeisoma alitikisa kichwa. Kampuni kubwa namna ile kumfukuza mtu kwa karamu! Nduwayo alimtumia Domisiana karamu tatu za bure, pole.

Kwenye tamthilia wakatangaza kwamba Mama Mkwe anaumwa mguu, amepelekwa Mwanza kutibiwa. Watu wakawa wanamsimamisha Anatoli mnadani wakimuuliza mguu wa mama unaendeleaje. Mwanzoni alieleza, baadaye akachoka, akawa anajibu kwamba unaendelea vizuri.

Domisiana alicheka na wote hao, lakini iliuma. Mshahara ulikuwa na kazi zake, hilo halifichiki. Kilichomkata zaidi ni kwamba alikuwa ameipenda ile kazi kuliko alivyopata kumwambia mtu, na sasa watoto waliokuwa wakimsimamisha njiani wamwombe agune walikuwa wanampita kwa heshima, kama mtu aliyefiwa. Alitaka kurudi kwenye vyungu vyake. Na alitaka arudi bila kuweka dole.

Ndipo akaenda Kaniha, wilaya ya Biharamulo, kwa shemeji yake Emilian. Huyu ni kaka mkubwa wa Anatoli, aliyekuwa karani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka thelathini, ana mwandiko ambao mahakimu walikuwa wakiupitisha mkono kwa mkono. Kiswahili chake kilikuwa cha mahakamani, lakini L na R zake zilikuwa za nyumbani.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Barua iko wapi?"

Aliisoma, akauliza ilifika lini, akahesabu kwa vidole. Malalamiko ya kuachishwa kazi yana siku thelathini, alisema, na ishirini na mbili zimekwisha kwa kulia. Domisiana alisema hakulia. Emilian alisema sheria haijali. Akavuta meza, akajaza fomu ya msuluhishi wa migogoro ya kazi, na kwenye nafasi ya maelezo akaandika kwa mwandiko wake mzuri: Nilidai karamu, ambayo ni haki ya kila mtu anayesaini, nikanyimwa. Maneno haki ya kila mtu akayapigia mstari chini.

Majibu ya kampuni yalikuja yakiwa mafupi na yenye furaha. Mdai amekiri kosa kwa maandishi, yalisema.

Siku ya kusikilizwa, wote watatu walikutana Biharamulo mjini. Domisiana na Anatoli walikuwa wametoka Ngara alfajiri, wakakaa saa nzima Lusahunga wakisubiri gari lijae, katikati ya malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi. Dereva mmoja wa lori alimtambua, akapiga honi, akaomba mguno. Alimpa mmoja, wa bure.

Msuluhishi aliitwa Scolastica Ndassa, mama mkavu wa maneno, miwani puani. Upande wa kampuni alikaa mwanasheria kijana mwenye kompyuta mpakato, na pembeni yake Derick, ambaye hakujua atazame wapi. Domisiana alimsalimia vizuri, akamuuliza hali ya nyumbani.

Mwanasheria alianza. Alisema studio ina heshima kubwa kwa wasanii wa mikoani. Alisema mdai aligoma. Akasoma fomu ya Emilian, ule mstari wenye mstari. "Mheshimiwa, kama karamu ni haki ya kila mtu anayesaini, basi kila mkataba nchi hii ungehitaji ng'ombe."

Emilian alimwinamia shemeji yake. "Ng'ombe wametokea wapi?"

"Labda ana homa," Domisiana alimnong'oneza.

Scolastica Ndassa aliutazama tena ule mstari. Alikuwa na shaka yake tangu alipoisoma ile fomu. Yeye alizaliwa Biharamulo hukohuko, na mama yake mzazi, siku zote za utoto wake, alikuwa akimtuma dukani kununua sukari kwa jina la sukali na kandili kwa jina la kandiri, au kinyume chake, kutegemea siku. Alivua miwani.

"Mama Domisiana, hiyo karamu uliitaka ya namna gani?"

"Ya kawaida tu, mheshimiwa. Ya bluu."

Mwanasheria aliacha kubofya.

"Ya bluu," msuluhishi alisema.

"Hata nyeusi ningepokea. Nyekundu ndiyo siitaki, hiyo ni ya walimu."

"Ya watu wangapi?"

"Yangu mimi. Wenzangu nao wangesubiri, tungepokezana."

"Na ungekaa nayo muda gani?"

Hapo Domisiana alianza kuhisi anashukiwa. "Kusaini tu, mheshimiwa, kisha namrudishia mwenyewe. Mimi sijawahi kuondoka na karamu ya mtu."

Derick alikuwa ameweka mkono mdomoni. Scolastica Ndassa akafungua mkoba wake, akatoa kitu, akakiinua juu ili chumba kizima kikione.

"Hii ni nini?"

"Karamu," walisema Domisiana, Anatoli na Emilian kwa pamoja.

Mwanasheria aliomba dakika kumi awasiliane na Dar es Salaam.

Alipotoka, msuluhishi aliwaeleza polepole, bila kucheka, herufi ipi inaandika na ipi inakula. Emilian alifumba macho kama mtu anayepitia mafaili yote ya miaka thelathini. Domisiana yeye aliona aibu kwanza, kisha hasira, kisha akakumbuka jambo.

"Kwa hiyo," alimwambia Derick, "ulifikiri nimekutuma ukaazime sherehe shuleni?"

"Ndiyo, mama," Derick alisema. "Nilifikiri hivyo."

Domisiana akaguna. Ulikuwa mguno mrefu, wa chungu kilichoungua chini, na kicheko kilipoanza hakikumwacha mtu. Hata Scolastica Ndassa aligeukia dirishani na mabega yakawa yanatikisika.

Mwanasheria aliporudi alikuwa mpole. Msuluhishi alimwambia kwamba hata kama ingekuwa karamu ya kula, huyu mama hakuitwa kujieleza, hakusikilizwa, alipelekewa barua tu, na hilo peke yake lingetosha kuiangusha kampuni. Mwanasheria alisema Dar wameliona hilo. Domisiana arudi kazini na miezi yake yote ilipwe. Mguu wa Mama Mkwe utapona.

"Kuna la kuongeza, mama?" msuluhishi aliuliza.

Lilikuwapo. Domisiana alisimama, na safari hii hakuna aliyecheka. Aliwaeleza habari za mama yake, za njia iliyokuwa ipite pembeni ya shamba, za kidole kile. Akasema anataka iandikwe kwamba Bugarama mtu asiambiwe aweke dole kabla hajaulizwa kama anajua kuandika, na asiyejua asomewe karatasi yote, mpaka chini, mbele ya mtu wake. Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke.

Scolastica Ndassa aliliandika, likawa sharti la nne la makubaliano. Kisha mwanasheria akanyoosha kalamu yake kwa mikono miwili. Ilikuwa ya bluu. Domisiana akatia sahihi, mkia ukazunguka jina zima ukarudi kujifunga, na watu wote wakasubiri mpaka ulipofika.

Derick alikuja Bugarama Jumamosi ya wiki iliyofuata, na karatasi zilezile za ratiba, zimechapwa upya. Alishusha kwenye gari boksi zima la kalamu. Baada ya hapo akashusha mchele, mafuta na mbuzi wawili.

"Mama," alimwambia Domisiana, "safari hii sikutaka kubahatisha. Nimeleta zote mbili."

Kwa hiyo walisaini na kula mbele ya ghala la kahawa. Nduwayo alisoma karatasi kwa sauti, yote, mpaka namba ya ukurasa. Wasanii wakapita mmoja mmoja, wengine na sahihi walizozitunga asubuhi hiyo. Ilipofika zamu ya Mzee Ntirampeba, Derick alimuuliza kwanza, kama sharti linavyotaka, iwapo anajua kuandika, na mzee akasema hapana, kuandika hajui. Derick akamsogezea sponji ya wino taratibu.

Mzee aliitazama. Akaitazama meza.

"Na mimi karamu," alisema.

Derick alimpa bila kuuliza ipi. Mzee akachora msalaba, ukachukua muda mrefu, nyama ikawa inapoa na hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza aliusogeza mbali kidogo autazame vizuri.

Domisiana alikuwa amekaa pembeni na Anatoli, sahani magotini. Tangu Biharamulo alikuwa na jambo moja lililomsumbua, na sasa akalisema.

"Kumbe ile ya Mwanakondoo ni chakula."

"Ndivyo alivyosema yule mama," Anatoli alijibu.

Alitafuna, akamtazama tena Ntirampeba na msalaba wake. "Lakini watu wote wale walioalikwa," alisema, "lazima mlangoni awepo mtu wa kuwaandika. Sherehe kubwa vile haiwezi kukosa karamu."

Anatoli alikubali kwamba haiwezi.

"Basi mama yangu ameandikwa," Domisiana alisema. "Kwa jina lake." Akainuka kwenda kuongeza wali.